Nakhal au Bahla? Ukiwa Oman na siku moja tu ya ngome, soma hapa kabla hujakodi gari

Mtu akishuka Maskati kusalimia ndugu, akisema tu anataka kuona ngome basi moja kwa moja anapelekwa Nizwa. Sina ugomvi na Nizwa, ule mnara mnene wa Imam Sultan bin Saif ni kitu cha kuonwa, waliujenga miaka kama 12 hivi katikati ya karne ya 17 na huko juu una nafasi 24 za kutolea mizinga kuzunguka pande zote. Ila Nizwa imekaa chini, katikati ya mji pembeni ya soko, mlima hamna. Kama unachokitaka ni ngome ya kale iliyopanda juu ya mwamba, ile ambayo ukiiona kwa mbali tu unaelewa kwa nini adui alikuwa anafikiria mara mbili, basi mechi ni kati ya Nakhal na Bahla. Na hizi mbili ni vitu viwili tofauti kabisa, kwa hiyo yule shemeji anayekwambia "we nenda yoyote, ngome ni ngome" msikilize kwa adabu halafu uendelee kusoma.

Kwanza umbali, maana wengi hapa ndo panapowaamulia. Nakhal iko magharibi ya Maskati, unakwenda na barabara ya Barka halafu unakata kuelekea milimani, kilomita mia na kitu, ukitoka upande wa Seeb ni saa moja na kidogo umefika. Bahla iko bara, mkoa wa Dakhiliya, unapita kwanza Nizwa halafu unaongeza kama kilomita 40 mbele, jumla ni karibu kilomita 200 kutoka Maskati. Barabara zote mbili ni nzuri, gari ndogo ya kawaida inafika, usidanganywe ukodi la kupanda milima. Ila Nakhal ni safari ya asubuhi na mchana unarudi kula nyumbani kwa watu, na Bahla ni siku nzima, ukubali hivyo tangu unatoka.

Sasa historia, na hapa ndo kuna utamu kwa sisi wa pwani kwa sababu kila moja ya hizi ngome ina uzi unaofika mpaka kwetu, lakini uzi wenyewe si mmoja.

Nakhal msingi wake inasemekana ni wa kabla ya Uislamu, halafu ikaja kujengwa upya na kutengenezwa mara kwa mara, kabila la Bani Kharusi wana mkono wao pale na Yaaruba, ukoo wa maimamu waliotawala Oman karne ya 17, nao wana wao. Lakini kuta, lango na buruji (minara ya ulinzi) unazoziona leo zilitengenezwa sana mwaka 1834, na aliyekuwa anatawala wakati huo ni Seyyid Said bin Sultan. Ndiyo, huyohuyo wa Unguja, wa mikarafuu, wa Mtoni, aliyefariki baharini mwaka 1856 akiwa njiani kurudi Zanzibar. Yaani miaka ileile anahamishia maisha yake Unguja ndo miaka ileile huku nyuma ngome ya Nakhal inawekewa lango na minara, na ukiwaza kidogo utaona inaleta maana, mtawala anayetaka kukaa mbali lazima afunge milango ya nyumbani vizuri, na Nakhal iko kwenye mlango haswa, pale ambapo njia ya kutoka pwani ya Batina inaanza kuingia kwenye milima ya Hajar. Anayeishika Nakhal anaona nani anapanda na nani anashuka.

Bahla ni habari ya zamani zaidi na kubwa zaidi. Ulikuwa mji mkuu wa Wanabhani, kabila lililotawala sehemu ile tangu karne ya 12 mpaka mwisho wa karne ya 15, na hawa walikuwa wafalme, si maimamu waliochaguliwa kama ilivyo desturi ya Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya Oman, na Bahla yenyewe ilikuwa moja ya vituo vikubwa vya Ibadhi kwa hiyo unaweza kufikiria mivutano iliyokuwepo. Jina Nabhani mtu wa Lamu halimpiti hivihivi. Masultani wa Pate walijiita Wanabhani, na masimulizi ya Pate yanasema babu yao alikuja kutoka Oman akaoa kwa wenyeji akarithi utawala, tarehe yake wanahistoria wanagombana mpaka leo, wengine wanaisogeza mbele karne kadhaa, lakini nasaba yenyewe waliibeba mpaka Witu kwa Sultan Ahmad, yule Simba, aliyekimbilia bara kuwakwepa watawala wa Zanzibar. Sasa angalia mchezo ulivyo: ukienda Nakhal unaona kazi ya Seyyid Said, ukienda Bahla unaona nyumba ya watu ambao jamaa zao wa Pate walikuja kusumbuana na Seyyid Said huku kwetu. Mimi hiyo peke yake ingenitosha kuziona zote mbili, ila tumesema una siku moja.

Tuje kwenye ujenzi wenyewe, nitakaa hapa kidogo.

Nakhal imekaa juu ya jiwe, na fundi wake hakulisawazisha jiwe. Hilo ndo la kuangalia pale. Ngome nyingi utakazoziona zimepimwa, pembe nne, buruji kila kona, Fort Jesus ya Mombasa ambayo Mreno aliijenga kuanzia 1593 ilichorwa kabisa na msanifu wa Kitaliano kabla jiwe halijawekwa. Nakhal hamna mchoro wa hivyo, mwamba ndo uliochora, ukuta unapanda pale mwamba unapopanda na unakata kona pale mwamba unapokata, kwa hiyo ukiwa ndani hakuna ghorofa ya kwanza wala ya pili inayoeleweka, unapanda ngazi tatu unaingia chumba, unashuka mbili unatokea uwanjani, unapinda unakuta ukuta wa chumba upande mmoja umejengwa na upande wa pili ni mlima wenyewe umejitokeza. Jumla iko kama mita 60 juu ya nchi iliyoizunguka. Buruji ni za mviringo, na sababu inajulikana, risasi ya mzinga ikipiga kwenye mviringo inateleza, ikipiga kwenye kona inakula kona.

Halafu kuna yale mambo ya kumkaribisha adui. Lango ni kubwa lakini ndani yake kuna kilango kidogo, mtu anaingia mmojammoja na ameinama, kichwa mbele, na we wa ndani umesimama na upanga, hesabu ni rahisi. Juu ya mlango kuna matundu, wenyeji watakwambia hapo ndo walikuwa wanamwagia asali ya tende ya moto, na hii si hadithi ya kuwafurahisha watalii tu maana asali ya tende ilikuwepo kwa wingi: ghala la tende kwenye ngome za Oman lina sakafu yenye vijifereji, magunia yanapangwa moja juu ya jingine, uzito unakamua, asali inatiririka kwenye mtungi. Chakula cha kuzingirwa nacho, na silaha pia. Milango ina misumari mikubwa, na mtu wa Mji Mkongwe atajiona yuko nyumbani kidogo.

Lakini kinachonifurahisha Nakhal ni kwamba ni nyumba. Liwali aliishi humo na familia yake, kuna barza ya kupokelea watu, kuna upande wa wanawake na watoto, jiko, jela, na majlisi ya juu ambayo upepo unaingia mpaka unashangaa huu upepo mbona chini hatukuuona. Vyumba vimewekewa mazulia, mito, vyombo, kwa hiyo hata mtu asiyejua chochote akiingia anaelewa hapa watu walikuwa wanakaa, hapa wanahukumiwa, hapa wanafungwa. Watoto wanaipenda kwa sababu hiyo. Dari zingine zina michoro, tazama juu, watu wengi wanapita wanaangalia simu.

Bahla sasa. Ukitokea barabarani unaiona kwanza ngome nzima kwa mbali, rangi moja na ardhi, imepanda juu ya kilima chake mpaka ule ukuta wa juu kabisa unakaribia mita 50 kutoka msingi wa mawe, na karibu yote hiyo ni udongo. Matofali ya tope yasiyochomwa. Yaani tope lililochanganywa na majani makavu, likakaushwa jua, likapangwa, likapigwa lipu ya tope tena, basi. Sisi pwani tuna mawe ya matumbawe na chokaa na boriti za mikoko, zile ambazo majahazi yalikuwa yanazibeba kutoka Lamu na Rufiji mpaka Ghuba, lakini bara ya Oman ni udongo na vigogo vya mitende, na kuona udongo umepanda hivyo halafu umesimama ni jambo la kusimamisha gari.

Ndani Bahla si ngome moja. Kuna Qasaba, ambayo ndo sehemu ya kale zaidi, ndo ile iliyopanda juu. Kuna Bait al Hadith, yaani nyumba mpya, ambayo "mpya" hapa maana yake wakati wa Yaaruba, karne ya 17 kuendelea. Na kuna Bait al Jabal, ya baadaye zaidi. Kila utawala ulipoingia uliongeza vyake pembeni ya vya mwenzake, kwa hiyo ukitembea humo unatembea kwenye karne kadhaa bila bango linalokwambia sasa umevuka. Na hapo ndo lawama kubwa ya watu kuhusu Bahla: vyumba vitupu. Hamna zulia, hamna mtungi, maelezo machache, ni makorido, ngazi, ua, ngazi tena, popo saa ingine. Kama huna aliyekueleza mambo kabla, baada ya nusu saa unaanza kuuliza hapa tunaangalia nini. Mimi utupu wake naupenda, unaona ujenzi wenyewe bila pambo, unene wa kuta unaupima kwa mkono kwenye dirisha, ila naelewa anayechoka.

Kitu ambacho Nakhal haiwezi kukupa hata kidogo ni kilichopo nje ya ngome ya Bahla. Kuna ukuta mwingine unaozunguka oasisi nzima, nyumba, mashamba, mitende, soko, wote huo urefu wake ni kama kilomita 12. Fikiria, ukuta wa udongo wa kilomita 12 na njia ya walinzi na vibanda vya kuchungulia. Na maji yanaingia kwa falaji, mifereji ya chini kwa chini inayotoa maji kwenye chemchemi za mbali mpaka mashambani, kila shamba na zamu yake. Chini ya ngome upande wa kusini magharibi kuna msikiti wa Ijumaa wa zamani, mihrabu yake ya kuchongwa inadhaniwa ni ya karne ya 14. Kwa hiyo Bahla unaona ngome pamoja na kile ilichokuwa inakilinda, na hilo kwangu ni kubwa, maana ngome peke yake juu ya jiwe inakwambia tu watu waliogopa, haikwambii waliogopea nini.

Hadithi zake pia ziko juu. Bahla inajulikana Oman nzima kwa majini na uchawi, wazee wanasimulia kwamba sokoni kulikuwa na mti umefungwa minyororo ili majini wasije wakaondoka nao, na ule ukuta wapo wanaosema ulisimama usiku mmoja. Ukiwa na bibi kwenye gari usianze hizo habari kabla hamjafika, mtageuzwa njiani.

Kuna suala la ukarabati, na watu wanaojali ujenzi wa kale hili wanalibishania. Udongo adui yake ni maji. Mvua ikinyesha inakula lipu, lipu ikiisha inakula tofali, na maji yakikaa chini ya ukuta yanakula mguu wake mpaka unaanguka mzima mzima. Zamani kila baada ya misimu watu walikuwa wanapiga lipu upya, na ngome ilipokosa wakaaji ikakosa wa kupiga lipu. Bahla iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987, ya kwanza kwa Oman, na mwaka uliofuata tu, 1988, ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu kuta zilikuwa zinaporomoka kila mvua. Ikabaki huko mpaka 2004. Kazi ilichukua miaka mingi, walirudi kwenye udongo na mbinu za kienyeji, na watu wa kawaida walifunguliwa mlango tena mwaka 2012. Ndo maana baadhi ya kuta zinaonekana laini mno, kama keki iliyotoka kupakwa, na kuna wanaosema imekuwa mpya sana. Jibu langu ni kwamba ngome ya udongo ambayo hairudiwi lipu haiwi ya kale zaidi, inakuwa lundo.

Nakhal ilikarabatiwa mwaka 1990 na kwa sababu ni ndogo na imeshikwa na mwamba haikuwa na drama hiyo. Imetengenezwa vizuri, safi, pengine safi kupita kiasi kwa anayependa magofu.

Kuhusu wazee na watoto: Nakhal ina ngazi na miinuko lakini ni ndogo, mzee anaweza akakaa barza akapunga upepo nyie mkapanda buruji. Bahla mzee mwenye magoti usimpeleke ndani, ni kubwa, kivuli hamna kwenye nyua, ngazi haziishi, sehemu zingine kingo hazina kizuizi kwa hiyo mtoto mdogo ushike mkono muda wote. Na zote mbili usiende mchana wa kiangazi, bara ya Oman joto linapita digrii 40 bila kuomba ruhusa, miezi ya Novemba mpaka Machi ndo yenyewe. Ijumaa na Ramadhani saa za kufungua hubadilika, piga simu kabla au uliza hotelini, usiende umbali wote huo ukakuta kufuli.

Halafu angalia unachokipata njiani, maana hakuna anayeenda ngome tupu. Ukichagua Nakhal, kilomita chache mbele kuna Ain Thawara, chemchemi ya maji ya uvuguvugu chini ya mitende, familia zinakaa na vyakula vyao, watoto wanacheza majini, nenda umevaa kwa heshima. Ukiwa na muda unasonga mbele mpaka Rustaq, mji wa Yaaruba wa mwanzo, wenye ngome yake kubwa, na hapo ndo alipofia mwaka 1711 Imam Saif bin Sultan, Kaidi Ardhi, ambaye watu wake waliizingira Fort Jesus kuanzia 1696 mpaka ikaanguka Desemba 1698. Mtu wa Mombasa hapo asipite hivihivi.

Ukichagua Bahla una Jabrin mwendo wa dakika chache kwa gari, na Jabrin jamani. Hiyo iko tambarare, si ya mlimani, ni kasri zaidi kuliko ngome, aliijenga Imam Bilarab bin Sultan miaka ya 1670, dari zake zimechorwa maua na maandishi, ina chumba cha jua na mwezi chenye madirisha 14, saba juu saba chini ili hewa ya moto itoke juu na ya baridi iingie chini, feni ya karne ya 17 hiyo. Bilarab kaburi lake limo humo humo. Na aliyemzingira humo ndani ni mdogo wake, Saif, yuleyule Kaidi Ardhi wa Rustaq, kwa hiyo huyu bwana kila njia utakayochagua utamkuta. Bahla yenyewe ina wafinyanzi, mitungi na vyetezo vinatengenezwa pale mpaka leo, bei afadhali kuliko soko la Mutrah kule Maskati.

Sasa nichague mimi? Kama ni mara yako ya kwanza na umefuatana na mama au watoto, au ndege yako ni usiku huohuo, Nakhal, wala usijiulize. Pia kama hujawahi kuingia ngome yoyote na unataka kuelewa inavyofanya kazi, mlango, ghala, jela, mzinga, Nakhal inafundisha kwa saa moja na nusu na huchoki. Lakini kama una siku nzima na miguu mizima, Bahla. Za aina ya Nakhal zipo nyingi Oman, ngome ndogo tamu juu ya jiwe utaziona mpaka uzoee, ila mji mzima wa udongo na ukuta wake wa kilomita 12 na ngome yake juu, sijui mwingine wa aina hiyo. Soma kidogo kuhusu Wanabhani kabla hujaenda ili vile vyumba vitupu visikuchoshe. Toka Maskati saa kumi na mbili asubuhi, ipite Nizwa bila kusimama, ingia Bahla jua likiwa bado dogo, saa tano uwe umetoka unaelekea Jabrin ambako angalau kuna dari juu ya kichwa, na Nizwa uiweke wakati wa kurudi, jioni, soko likiwa limefunguliwa tena na halwa bado ya moto. Maji beba ya kutosha, kofia pia, na viatu vya kufunga, kandambili ziache kwenye gari.